Kitabu cha Kabwiro na Biblia ya Koko Lucienne

POLISI, IXELLES, BRUSSELS
Maelezo ya shahidi, yametolewa kwa Kiswahili na kuandikwa na mkalimani aliyeapishwa

Tarehe: Alhamisi, 6 Februari 2025, saa nne na nusu asubuhi
Jina la shahidi: Régine Nabintu
Umri: miaka 57
Kazi: mtunza wazee majumbani
Makazi: barabara ya Wavre, Ixelles
Mzaliwa wa: Bukavu
Kuhusu: malalamiko ya Bwana Florent Wauters dhidi ya Hénock Baguma

Naitwa Régine Nabintu, kama ilivyoandikwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu pale mapokezi kijana mmoja aliniuliza barua ya wito iko wapi, nikamwambia barua ni miguu yangu. Nimeomba kusema kwa Kiswahili. Kifaransa nakijua, na wazee wa Kibelgiji ninaowaogesha kila asubuhi wananielewa vizuri sana, hata wale wasiotaka kunielewa. Lakini Kifaransa changu ni cha kazi na cha sokoni, na jambo hili sitaki likosewe. Mkalimani, dada Aziza, ni mtu wa Tanga. Ameniambia ataandika kwa Kiswahili cha kwao na maneno ya watu atayaacha yalivyotoka vinywani mwao, hata "njo" yetu badala ya "ndiyo". Nimekubali, ingawa Kiswahili cha kwao kimepigwa pasi mno.

Nimekuja kusema kitabu anacholalamikia Bwana Florent kiko wapi. Hénock anajua kilipo lakini hatasema, hata mkimfunga. Kwa hiyo nitasema mimi, na nitaanza mwanzo ili mjue kwamba hakuiba.

Hénock ana miaka ishirini na mitano. Kazi yake ni kutengeneza vitabu vya zamani: anashona kurasa zilizoachia, anabandika mgongo upya, anasafisha jalada. Kazi anazipata kwa Bwana Florent Wauters, mwenye duka la vitabu vya kale karibu na Porte de Namur. Hénock alilelewa na bibi yake, mama wa baba yake, Lucienne Mapendo. Sisi Wakongo wote wa mtaa wa Matonge tulimwita Koko Lucienne, koko maana yake bibi. Aliishi ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mimi nilikuwa namwona kila siku ya Mungu, na siku nisipopita alinipigia simu kuniuliza kama nimeshakuwa waziri.

Kitabu chenyewe ni historia ya mapigano ya daraja la Kabwiro, huko kwetu, wakati wa vita vile vya wenyewe kwa wenyewe. Aliyekiandika ni marehemu mwalimu Nday, mtu wa Katanga aliyekuja kufundisha historia Kivu na vita vikamkuta huko. Kilipochapwa, mwalimu aliichukua nakala ya kwanza, akatembea nayo kijiji kwa kijiji akiwatafuta waliopona pale darajani. Waliopigana upande wa huku na waliopigana upande wa kule, wote aliwaomba watie sahihi kwenye ukurasa mmoja mweupe wa mwanzo, na yeye mwenyewe akatia ya kwake chini. Watu waliotaka kuuana, majina yao yamelala pamoja kama watoto kwenye mkeka. Ndiyo maana matajiri wa vitabu wanaitafuta nakala ile, na Bwana Florent alikuwa anaiandaa kwa ajili ya mnada.

Mmoja wa waliotia sahihi ni Josias, mtoto wa Koko Lucienne, baba yake Hénock. Baada ya kutia sahihi hakumaliza mwaka. Alipita msituni kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo, akapotelea huko, wala mwili haukuonekana. Hénock alikuwa bado mgongoni mwa mama yake. Koko alifanya matanga bila maiti, na mimi nilikuwepo kwenye matanga yale. Watu walikuwa wanalia huku wanatazama mahali pasipo na kitu.

Mnamo Jumapili tarehe 12 Januari 2025, baada ya ibada, nilipita kwa Koko kumpelekea sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilimkuta Hénock amekaa kitandani pembeni yake, amevaa glavu nyeupe za kazi, na kitabu kiko juu ya taulo safi. Alikuwa amekichukua kwa Bwana Florent siku ya Ijumaa ili akarekebishe mgongo kwenye karakana yake. Alipofungua ukurasa wa sahihi akaona jina la baba yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba limo. Akakileta kwa Koko kabla hajakigusa kwa sindano.

Koko hakujua kusoma. Lakini Josias alipokuwa mtoto wa shule alikuwa na tabia ya kuandika jina lake kwa makaa kwenye mlango wa jiko, na herufi ya mwisho akiivutia mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote. Koko alimchapa mara nyingi kwa ajili ya mlango ule. Siku ile Hénock hakumwonyesha ni sahihi ipi. Koko alipitisha kidole juu ya majina, polepole, akafika kwenye ule mkia, kidole kikasimama.

Akasema: "Hénock, hii njo mukono ya baba yako. Angalia vile anavuta mukia. Nilimupigaka juu ya hii mukia."

Kisha akalia, na Hénock akalia, na mimi niliyekwenda kupeleka sombe nikalia nikiwa bado nimeshika sahani. Sioni aibu kusema hivyo mbele ya polisi.

Jioni ilipofika Hénock alitaka kukifunga kitabu aondoke nacho. Koko akamwomba amwachie usiku mmoja. Hénock akasema: "Koko, hii haiko yangu, iko ya patron. Akisikia nimeiacha ku nyumba, atanifukuza." Hapo niliingilia mimi. Nilimwambia: "Patron wako anaikamataka miaka yote mu kabati. Koko aikamate usiku moya tu." Hénock alicheka. Akasema: "Bon, d'accord. Usiku moya. Mais Koko, usiitie mafuta." Kwa sababu Koko alikuwa anajipaka mafuta ya mgongo kila usiku, nyumba nzima inanuka karafuu. Naomba iandikwe wazi kwamba aliyemshawishi Hénock ni mimi.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 13, saa moja, nilikwenda na ufunguo wangu kumchemshia chai. Nilimkuta Koko amefariki kitandani. Uso wake ulikuwa umetulia. Kifuani alikuwa amekumbatia kifurushi cha kitenge cha kijani chenye ndege.

Sasa hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo kosa lilipotokea. Kitenge kile ni cha Biblia ya Koko. Tangu alipokimbia Bukavu Biblia yake ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge kile, kwenye kambi, kwenye ndege, mpaka hapa. Kanisani alikifungua mwenyewe na kukifunga mwenyewe. Hakuna mtu aliyethubutu kumfungulia. Na aliniambia zaidi ya mara moja: "Régine, siku utanivalisha, unipe Biblia yangu mu mikono na kitenge yake. Usiifungue mbele ya batu." Mimi ndiye mkuu wa kikundi cha kina mama wa kanisani wanaowaosha na kuwavalisha waliofariki, kwa hiyo aliniambia mimi kama mtu anavyomwagiza fundi wake.

Nilikichukua kile kifurushi, nikakiweka kwenye mkoba wangu ili kisipotee kwenye msongamano wa matanga. Mnajua nyumba ya matanga ilivyo. Wageni walijaa mpaka kwenye ngazi, makoti yamerundikwa kitandani, sufuria za watu zimechanganyika. Wiki ile nilimwona Hénock akiinua matakia na kuchungulia nyuma ya kabati. Nilidhani anatafuta chaja ya simu. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta kitabu, lakini aliona aibu kuuliza kitu cha kazi wakati watu wanamlilia bibi yake. Alifikiri mmoja wa shangazi zake amekiweka mahali salama. Kweli ni aibu, hata mimi nisingeuliza.

Siku ya Ijumaa tarehe 17 mchana, mimi na mwenzangu Gracieuse tulikwenda kumvalisha. Kampuni ya mazishi ilitupa chumba na maji ya moto. Tulimwosha, tukamvalisha kitambaa cha kina mama wa kanisa, tukamfunga kilemba. Vidole vyake vilikuwa vigumu. Niliviweka katikati ya viganja vyangu nikavipasha moto, huku namsema kidogo, kama nilivyozoea kumsema, mpaka vikakubali. Nikampa kifurushi, nikaikunja mikono yake juu yake.

Gracieuse akaniuliza: "Maman Régine, tufungue kidogo, tutie na picha ya bajukuu ndani?" Nikamjibu vibaya. Nilimwambia: "We, unafunguaka Biblia ya muntu? Na mama yako utamupekua?" Akairudisha picha mkobani. Gracieuse ni mdogo kwangu kwa umri na ananiheshimu. Kama angekuwa mkaidi kama mimi, leo tusingekuwa hapa.

Niliona kifurushi ni kizito, hilo sitalificha. Nilifikiri ni vile vikaratasi vya mahubiri alivyokuwa anavichomeka ndani.

Jumamosi tarehe 18 tulimzika, makaburi ya Ixelles. Kabla ya kufunga jeneza kila mtu alipita kumuaga, na kama ilivyo desturi yetu, wengine walimtuma salamu kwa waliotangulia. Hénock aliinama akasema: "Koko, ukifika, umusalimie papa. Umwambie nimeona mukono yake." Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kifurushi. Hakujua kilichomo ndani, na mimi niliyesimama nyuma yake sikujua. Bwana Florent alituma maua siku ile. Simpendi, lakini alituma, na yalikuwa maua mazuri.

Mnamo Jumatano tarehe 22 Januari, saa kumi jioni, Hénock alikuja kwangu. Alikuwa ametoka kufagia nyumba ya Koko ili arudishe funguo kwa mwenye jengo. Nilikuwa napika maharage. Hakukaa. Aliniuliza: "Maman Régine, ile siku mulimuvalisha Koko, mulimutia nini mu mikono?"

Nikasema: "Biblia yake. Mu kitenge yake."

Akatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki akakiweka mezani. Ilikuwa Biblia ya Koko, ile yenye jalada la zipu, haina kitenge. Alikuwa ameikuta imeangukia kati ya kitanda na ukuta. Akauliza: "Na hii, njo nini?"

Nilikaa chini. Koko aliitoa Biblia yake kwenye kitenge usiku ule, akafunga humo kitabu chenye mkono wa mtoto wake. Nami nilikuwa nimemzika nacho. Tulikaa hivyo mpaka maharage yakaungua, na mimi huwa siunguzi maharage.

Nilimwambia twende kwa Bwana Florent siku ileile tukamweleze. Hénock akakataa. Alisema: "Akijua, atataka bamufukule Koko. Ile kitabu iko na bei ya gari. Nitamwambia nimeipoteza." Nikamuuliza kama ana akili. Akasema papa yake hajawahi kuwa na kaburi, na sasa mkono wake umelala na mama yake, basi inatosha. Akaniachia ile Biblia akisema: "Uikamate wewe, mimi siwezi kuiangalia." Akaniomba ninyamaze. Nilinyamaza. Nilifikiri Bwana Florent ana bima, atakasirika, atatulia, mambo yataisha. Hayakuisha.

Bwana Florent hakuamini kwamba kitabu kama kile kinapotea. Alileta malalamiko hapa kwamba Hénock amekiuza kwa mtu wa pembeni. Simlaumu sana kwa hilo. Kinachoniumiza ni kwamba jina la mtoto wa Koko ndilo lililokuwa linapandisha bei, na Koko mwenyewe aliishi hatua chache kutoka duka lile miaka yote hiyo, akipita mbele ya dirisha lake kwenda kupanda metro, bila mtu kumwita ndani.

Jumatatu wiki hii, tarehe 3 Februari, polisi walimchukua Hénock wakamhoji mpaka jioni. Aliwajibu jibu lilelile, kwamba amekipoteza. Walimwachia, lakini mwanasheria wake alimweleza kwamba akiendelea kunyamaza kesi itakwenda mahakamani, na akihukumiwa kwa wizi, hakuna duka wala maktaba Brussels itakayompa tena kitabu ashike. Mke wake Élodie alikuja kwangu akilia, na tumbo la mwezi wa nane. Yeye hajui chochote. Aliniuliza: "Maman Régine, Hénock amekuwa mwizi?" Nilimpa chai. Sikuweza kumtazama usoni.

Jana Jumatano, saa sita mchana, nilimsubiri Hénock pale kituo cha metro cha Porte de Namur, kwenye mlango wa kutokea. Nilimwambia kwamba leo nitakuja hapa. Alinishika mkono mbele ya watu. Akasema: "Maman, nakuomba. Muache Koko alale."

Nikamwambia: "Na mutoto mwenye anakuya, yeye atalala wapi? Baba yako alipotea, bon, ilikuwa vita na msitu. Wewe unataka kupotea hapa Brussels, watu wanakuangalia?"

Akasema kwa sauti kubwa kwamba mimi ndiye niliyefanya kosa, sasa nataka kulifanya la pili. Watu waligeuka kututazama. Ni kweli kosa la kwanza ni langu, na iliniuma, inaniuma hata sasa ninaposema. Nilimjibu kwamba Koko alimlea ili awe mtu. Aliondoka bila kuniaga. Hénock hajawahi kuondoka mbele yangu bila kuniaga.

Usiku mzima nimeuliza moyo wangu kama Koko alijua alichofanya. Alikuwa mgonjwa, na wazee wanajua siku zao kuliko daktari. Huenda alitaka kulala nacho usiku mmoja tu, kama alivyoomba, na asubuhi angekirudisha. Huenda hakutaka kukirudisha kamwe. Sijui, na sitaki mtu yeyote aje kuniambia kwamba anajua.

Kwa hiyo nasema: kitabu cha Kabwiro kiko ndani ya jeneza la Lucienne Mapendo, makaburi ya Ixelles, mikononi mwake, ndani ya kitenge cha kijani. Hénock hakukiuza. Hakukificha. Kilizikwa mbele ya macho yake bila yeye kujua, na aliyekiweka ni mimi.

Nina maombi, nayo yaandikwe. Sheria ikisema kaburi lifunguliwe, nataka niwepo. Mikono yake niliikunja mimi, na atakayeikunjua ni mimi. Asiguswe na mtu asiyejua jina lake. Na Bwana Florent naye aje, asitume mtu. Mimi nitavifungua vidole, lakini kitabu akipokee yeye kwa mikono yake mwenyewe, kutoka kwa mama wa mtu aliyetia sahihi. Akishindwa kusimama pale, basi akiache. Na kama kitatoka, Koko asilale mikono mitupu. Nimekuja na Biblia yake. Nimeifunga kwa kilemba changu, kwa kuwa kitenge chake kiko chini pamoja naye.

Niliyoyajua nimeyasema, na sikulazimishwa na mtu. Nimesomewa maelezo haya polepole kwa Kiswahili nikayakubali, isipokuwa mahali ambapo dada Aziza aliandika nilimwambia Hénock "kwa ukali". Nilimwambia kwa uchungu. Amesahihisha.

Sahihi ya shahidi: R. Nabintu

Maandishi ya afisa, yaliyofasiriwa na mkalimani Aziza Mbwana:

Mimi, Inspekta Anaïs Claes, nimepokea maelezo haya mbele ya mkalimani. Maombi ya shahidi yameambatanishwa na jalada litakalopelekwa kwa mwendesha mashtaka. Bwana Wauters amepigiwa simu saa saba na dakika kumi na kuelezwa mahali kitabu kilipo. Aliuliza huyo mama aliyezikwa nacho alikuwa nani. Nilimweleza. Alisema atapiga simu tena.

Shahidi amekabidhi kifurushi kimoja, kimefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Nilimwambia kwamba si lazima kifunguliwe leo. Shahidi alisisitiza kifunguliwe hapa mezani, mbele yake na mbele yetu wote, na alikifungua mwenyewe. Ndani kuna Biblia.